Apolo Kivebulaya: mwalimu aliyerudi mahali alipopigwa

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, watu wenye silaha walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, katika mji wa mpakani wa Mpondwe, jirani na Bwera, wilayani Kasese. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Serikali ya Uganda ililitaja kundi la ADF kuwa ndilo lililotenda unyama huo. Ni kundi lile lile ambalo mwezi Novemba 1996 lilianzisha vita vyake kwa kuushambulia ukanda huo huo wa Bwera. Kwa Wakristo wanaoishi chini ya milima ya Rwenzori, upande wa Uganda na upande wa Kongo, swali la namna ya kumtegemea Mungu wakati wa hofu halijawahi kuwa swali la darasani. Huulizwa usiku, mlango ukiwa umefungwa na taa zimezimwa.

Swali hilo lilikuwako katika milima hiyo kabla ya bunduki za leo. Mmoja wa watu waliolikabili hadharani, na ambaye kanisa la Anglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei, ni Apolo Kivebulaya, Muganda aliyefika Toro mwaka 1895 akiwa mwalimu wa dini na kufa ng'ambo ya mto Semliki mwaka 1933. Wengi wanalijua jina lake. Wachache wanakumbuka kwamba mtu huyu anayesifiwa kwa ujasiri aliwahi kukata tamaa kabisa, tena akiwa kifungoni, akituhumiwa kuua.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda aliitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake uliangukia katika miaka ambayo ikulu ya Kabaka ilikuwa uwanja wa kugombaniwa na dini tatu. Uislamu ulikuwa umetangulia kuingia kwa njia ya wafanyabiashara kutoka pwani. Wamisionari wa Kiprotestanti wakaja mwaka 1877, na Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879. Waswa alianza na Uislamu. Kisha akavutwa na mafundisho ya Alexander Mackay, fundi Mskochi aliyekuwa akifundisha Injili huku akitengeneza mashine na kuchapisha karatasi za kusomea.

Mwaka 1888 mambo yaliharibika. Kabaka Mwanga alipinduliwa, ndugu zake wakafuatana kitini, na wafuasi wa dini wakashikiana mikuki. Kijana huyo alijikuta kwanza upande wa Waislamu, kisha akawaacha na kuwafuata Wakristo waliokuwa wamekimbilia Ankole. Haifai kumpamba hapa. Alikuwa askari miongoni mwa askari, katika vita ambavyo dini na tamaa ya madaraka vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba hata waliopigana hawakuweza kuvitenganisha. Amani iliporejea kwa kiasi, alianza kujifunza kwa dhati, na mwezi Januari 1895 akabatizwa na kuchukua jina la Apolo, yule mwalimu wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti la Kizungu alilopenda kulivaa; kwa Kiganda lina maana ya kitu kitokacho Ulaya. Lilikuwa jina la utani, na ajabu ni kwamba ndilo lililodumu. Mwanamke aliyekuwa wake alikwisha kufariki, naye hakuoa tena maisha yake yote, jambo lililowashangaza watu wa wakati wake kuliko hata mahubiri yake.

Mwaka huo huo alitumwa Toro.

Ili kuelewa alikwenda wapi, yafaa kuiweka kando ramani ya leo. Mji wa Kasese haukuwako. Ulikua baadaye sana, kwa shaba ya Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956. Palikuwa na tambarare ya Busongora yenye ng'ombe, milima ya Bukonzo yenye mashamba ya Wakonzo, na ziwa la chumvi la Katwe, ambalo chumvi yake ilivushwa kwa mitumbwi na kubebwa vichwani hadi ndani ya Kongo. Kwa ajili ya chumvi hiyo watawala wa Bunyoro na wa Toro walipigana mara nyingi, na kwa ajili hiyo hiyo Kapteni Lugard alijenga ngome ya Fort George hapo Katwe mwaka 1891. Lugard alipopita Busongora alikuta sotoka imekwisha kupita kabla yake. Ng'ombe walikuwa wamekufa kwa makundi, na wachungaji waliokuwa matajiri walikuwa wamebaki na fimbo mikononi.

Lugard huyo ndiye aliyemrudisha Kasagama katika kiti cha Toro. Miaka miwili baadaye askari wa Kinubi waliowekwa kumlinda waliondolewa, majeshi ya Kabarega wa Bunyoro yakarudi, na mfalme huyo kijana akakimbilia milimani Rwenzori. Apolo alipowasili, Kasagama alikuwa amekwisha kurejeshwa tena, lakini kila mtu katika nchi ile alikuwa amejifunza jambo moja: anayelindwa leo anaweza kuachwa kesho. Watu waliosikia mahubiri ya kwanza kuhusu Mungu asiyewaacha watu wake waliyasikia wakiwa na kumbukumbu hiyo mbichi. Kasagama mwenyewe alibatizwa mwaka 1896 kwa jina la Daudi, na kuanzia hapo Ukristo ukawa dini ya ikulu ya Toro.

Hapo pana ugumu ambao wasimulizi wengi wa maisha ya Apolo huupita haraka. Injili ilifika katika milima hii ikiwa imeshikana mikono na mamlaka ya Waingereza na ya ufalme wa Toro. Ilihubiriwa kwa Kiganda na Kitoro. Kwa Wakonzo, ambao kwa miongo mingi baadaye waliuona utawala wa Toro kuwa mzigo, habari njema hiyo ilikuja na sauti ya mtoza ushuru nyuma yake. Mwaka 1921 viongozi wa Wakonzo walioongoza upinzani dhidi ya Toro, akiwamo Nyamutswa, walikamatwa na kuuawa. Isaya Mukirania ndiye aliyekuja kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Rwenzururu miaka ya 1960. Apolo hakuhusika na mauaji hayo, ila aliishi ndani ya utaratibu uliyoyazaa. Bila kulitambua hilo, ni rahisi kuwaona wote waliompinga kuwa wabaya tu, na haikuwa hivyo.

Magharibi ya Rwenzori, ng'ambo ya mto Semliki, palikuwa na nchi ndogo iliyoitwa Mboga. Mswahili akilisikia jina hilo hufikiria kitoweo, lakini si hivyo. Siku hizi huandikwa Boga, nayo imo katika mkoa wa Ituri. Semliki hutoka katika ziwa Edward upande wa Kongo, ukazunguka nyuma ya milima yote ya Rwenzori, na kuingia ziwa Albert. Kwa hiyo maji yanayotoka jirani na Bwera hupita chini ya vilima vya Boga siku kadhaa baadaye. Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro, na watu wake walikuwa na udugu wa lugha na desturi na watu wa Toro.

Waalimu wawili Waganda, Petero na Sedulaka, walikuwa wametangulia kwenda huko. Tabaro hakuwapiga wala hakuwafukuza. Alitumia njia iliyo kimya zaidi: aliwakataza watu wasiwape wala kuwauzia chakula. Mgeni asiyekuwa na shamba wala jamaa hawezi kukaa mahali anapofungiwa vyungu. Waalimu hao wakarudi walikotoka wakiwa na njaa.

Apolo alikubali kuchukua nafasi yao mwishoni mwa mwaka 1896. Habari alizopewa kabla ya kuondoka hazikuwa za kumtia moyo mtu. Njia ilipita katika vilima vya Rwenzori penye baridi ambayo Muganda wa nyanda za chini hakuizoea. Ikateremka hadi bonde la Semliki lenye simba na joto. Ikavuka mto wenye mamba. Na mbele ya yote hayo ulikuwapo msitu ambao watu waliuzungumzia kwa sauti ya chini. Alichukua Biblia na jembe. Jembe hilo ndilo jibu lake kwa amri ya Tabaro, na yafaa kulitazama vizuri. Mtu aliyesadiki kwamba Mungu angemlisha aliondoka akiwa na chombo cha kulimia. Hakuona kwamba viwili hivyo vinapingana. Alipofika, alilima, akapanda, na watu walipoona viazi vyake vinaota, wakaelewa kwamba huyu hataondoka kwa njaa.

Mwaka uliofuata, 1897, ulikuwa mwaka wa hofu kwa nchi yote kati ya ziwa Viktoria na msitu wa Kongo. Mwezi Februari askari wa msafara wa Dhanis, katika Dola Huru ya Kongo, waliwaasi maofisa wao Wabelgiji, na habari za waasi hao zikatanda hadi mpakani mwa Toro. Mwezi Julai Mwanga aliwaasi Waingereza. Kabla mwaka haujaisha, askari wa Kinubi waliokuwa uti wa mgongo wa utawala wa Waingereza nchini Uganda waliasi nao. Hakuna aliyejua ni bunduki ya nani ingefika kwanza. Mwalimu mmoja Muganda, peke yake ng'ambo ya Semliki, hakuwa na ngome wala askari wa kumwita.

Adui wake wa karibu, hata hivyo, hakuwa mwasi yeyote. Tabaro alianza kumwona mgeni huyu kuwa hatari, na mtu akijiweka mahali pa Tabaro ataona kwamba hofu yake ilikuwa na mantiki. Alikuwa ameona jinsi dini mpya ilivyofungamana na mamlaka mapya mashariki ya milima. Vijana walioanza kusoma waliacha kutii mambo kadhaa ambayo utawala wake ulisimama juu yake: matambiko, wake wengi, pombe ya pamoja, heshima kwa waganga. Apolo alipigwa. Vitisho vikawa jambo la kila siku. Alijenga, akabomolewa, akajenga tena.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wakati kazi ya ujenzi ikiendelea, dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichwa na nyasi, akafa. Mkuki ulikuwa wa Apolo. Katika nchi ambayo kifo cha ghafla hakikuhesabiwa kuwa ajali, na marehemu akiwa ndugu wa mtawala, hukumu ilikuwa tayari kabla ya mashtaka kusomwa. Apolo alikamatwa kama muuaji na kupelekwa Toro, kuvuka tena ule mto na ile milima, hadi kwa ofisa wa Kiingereza, akatiwa kifungoni.

Hapa ndipo moyo wake ulipovunjika. Mikuki ya vita hakuiogopa hivi, wala njaa, wala simba wa bonde la Semliki. Alichoshindwa kukibeba ni kuaibishwa: mwalimu wa amri isemayo usiue amefungwa kwa kuua, na mwanamke asiyekuwa na hatia amekufa kwa chombo chake. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba hakuua. Je, anaweza kusema kwamba mkuki haukuwa wake? Waandishi wa zamani wa maisha yake walikuwa na haraka ya kufika kwenye maono, wakalipita jambo hili. Hata hivyo, kwa mtu yeyote aliyewahi kusababisha msiba bila kukusudia, saa zile za kifungoni ndizo zenye uzito kuliko zote katika maisha ya Apolo.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, yaliyoandikwa baadaye na waliomfahamu, ilikuwa katika dhiki hiyo alipomwona Yesu Kristo aking'aa kama jua na kumwambia ajipe moyo, kwa kuwa yuko pamoja naye. Hakuahidiwa kwamba angeachiliwa, wala kwamba Tabaro angegeuka. Alichoambiwa ni kwamba hayuko peke yake. Asiyeamini maono anaweza kueleza jambo hilo kwa njia nyingine, na wapo waliofanya hivyo. Kisichobishaniwa ni kilichofuata.

Aliachiliwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba aliua kwa kukusudia. Wakati huo alikuwa na kila sababu ya kubaki Toro. Kanisa la huko lilihitaji waalimu. Mfalme alikuwa Mkristo. Wamisionari walikuwapo wa kumlinda. Hakuna ambaye angemwita mwoga. Apolo aliuchukua mzigo wake, akapanda tena milima, akavuka tena Semliki, akarudi Mboga kwa watu waliompiga na kwa familia iliyomzika dada yao kwa sababu ya mkuki wake.

Kurudi huko ndiko kulikomshinda Tabaro. Mtawala huyo alikuwa anazijua njia za kumwondoa mtu anayeogopa, na njia za kumnunua mtu anayetaka mali. Huyu hakuingia katika lolote kati ya mafungu hayo mawili. Tabaro akaanza kuja kusikiliza. Hatimaye akaomba kufundishwa, na akabatizwa kwa jina la Paulo. Itakuwa kosa kudhani kwamba Mboga nzima iligeuka pamoja naye, au kwamba mgogoro wote uliisha siku hiyo. Kanisa dogo lililozaliwa hapo lilibaki dogo kwa miaka mingi, likiwa mbali na kila kitu.

Mwaka 1899 Apolo aliitwa kurudi Toro, ambako alifanya kazi kwa takriban miaka 16. Aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka hiyo ya Toro ilijaa kazi isiyovuma: safari za miguu kati ya vijiji, kuwafundisha waalimu, kujenga makanisa ya matete, kuweka kumbukumbu za kila siku kwa Kiganda katika madaftari yake. Ugonjwa wa malale uliwamaliza watu kando ya maziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa fukwe nyingi, zikiwamo za maziwa Edward na George. Sehemu kubwa ya tambarare ambayo leo ni hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth ilibaki bila watu kwa sababu hiyo.

Wakati huo huo wapima ardhi wa Ulaya walikuwa wakitafuta mahali pa kupitisha mpaka. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliigawa milima ya Rwenzori, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakonzo wa Bwera na ndugu zao, ambao upande wa Kongo huitwa Wanande, waliamka siku moja wakiwa raia wa wafalme wawili wa Ulaya. Mstari huo ndio ambao wakimbizi, wachuuzi wa Mpondwe na watu wenye silaha wanauvuka mpaka leo, kila mmoja kwa sababu yake.

Kanisa la Mboga likawa limekatwa na mama yake. Makasisi wa Toro hawakuwa na ruhusa ya wazi ya kufanya kazi katika koloni la Wabelgiji, na habari zilifika kwamba waumini wanapungua. Yapata mwaka 1915 Apolo, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, alirudi huko tena, na safari hii akabaki. Alikuwa kasisi wa Kianglikana katika nchi ambayo watawala wake hawakuwa na haja naye, akiwatunza watu ambao kwa karatasi hawakuwa tena wa upande wake. Nyumba yake ilijaa yatima na wageni, na kile kidogo alichopata kilipita mikononi mwake kwenda kwa wengine.

Karibu mwaka 1921 alipata maono mengine, na ndani yake akaagizwa kwenda msituni. Huko waliishi Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri ambao majirani zao waliwaita mbilikimo na kuwahesabu kuwa chini ya watu. Waganda wa kizazi cha Apolo walikuwa wamekua wakisikia hadithi za kutisha kuhusu msitu ule. Wambuti nao walikuwa na sababu za kuwaogopa watu wa nje, kwa kuwa waliokuja kwao mara nyingi walitaka pembe za ndovu na watumishi wasiolipwa. Apolo aliingia bila silaha. Alikaa nao, akajifunza maneno yao, akawaweka waalimu vijana miongoni mwao, na akatafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Ilichukua karibu miaka kumi kabla ya Wambuti wa kwanza kubatizwa, mwaka 1932. Kasisi Mwingereza Albert Lloyd, aliyemfahamu tangu siku za Toro, alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu yake mwaka 1923, na jina la Apolo likajulikana Uingereza kuliko lilivyojulikana katika vijiji vingi vya Kasese.

Kanisa lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe mwaka 1922. Aliipokea, akarudi msituni.

Mbegu aliyoipanda ilichelewa kuonekana ukubwa wake. Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana nchini Kongo mwaka 1972, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo kamili. Upande wa pili wa milima, Kasese ilipata dayosisi yake, ya South Rwenzori, mwaka 1984. Waumini wa dayosisi hizo mbili wameishi katika hofu za aina moja. Tarehe 31 Mei 2021, siku moja baada ya kumbukumbu ya Apolo, wapiganaji waliwashambulia wakazi na wakimbizi wa ndani huko Boga na Tchabi, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Hospitali ya Boga ilivamiwa na kuteketezwa siku chache baadaye. Wengi waliikimbilia njia ile ile ya kuelekea Semliki, ingawa yeye aliipita akielekea upande mwingine. Haingekuwa haki kuwalaumu kwa kuikimbia. Mama mwenye watoto wanne hana deni la kuigiza maisha ya mtu aliyekuwa peke yake, na Apolo mwenyewe, kijana wa mwaka 1888, aliwahi kukimbilia Ankole pamoja na Wakristo wengine, wala hakuna aliyelihesabu hilo kuwa upungufu wa imani.

Katika miaka yake ya mwisho moyo wake ulianza kumsumbua. Mwili uliotembea kati ya Toro na Ituri kwa karibu miaka 40 ulikuwa umechoka. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933.

Kabla ya kufa alikuwa ametoa agizo kuhusu maziko yake. Desturi ilitaka kichwa cha marehemu kielekezwe mashariki, upande wa nyumbani kwake Buganda. Apolo aliomba alazwe kinyume: kichwa kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado haijafika. Waliomzika walifanya kama alivyoagiza, na kaburi lake liko Boga.